Usipa Ulipofika Bethlehemu

Mama yangu ana kasha la bati ambalo hufunguliwa Desemba tu, mvua zikiwa zimekolea na mahindi yamefika magotini. Ndani hakuna vitenge wala vyombo vya wageni. Mna vitabu vya picha vya Krismasi, vya watoto wadogo, vilivyoachwa na wageni wa usharika kutoka ng'ambo, vingine kabla sijazaliwa. Mama anafundisha darasa la watoto wadogo la shule ya Jumapili hapa Mjimwema, Njombe, na vitabu hivyo havishikwi na mtu mwenye mikono michafu, wala na mtu mwenye maswali mengi. Kwa hiyo mimi utotoni niliviangalia kwa mbali.

Niliwahi kuuliza kwa nini malaika wote wana nywele kama ndevu za mahindi. Nikaambiwa nikae kimya. Nikauliza yule mzee mnene wa nguo nyekundu ni mtume wa ngapi, nikatolewa nje nikaungane na mbuzi. Miaka ikapita, nikaenda chuo kusomea falsafa, na huko nikaambiwa kwamba kuuliza ni kazi yenye heshima zake. Nilifurahi sana. Halafu nikarudi nyumbani na shahada, nikakuta hakuna ofisi hata moja Njombe iliyokuwa na upungufu wa watu wa kuuliza. Nikaanza kulima viazi na mama, kufundisha masomo ya ziada watoto wa majirani, na kubishana na yeyote aliyekuwa tayari. Wengi hawakuwa tayari.

Desemba ninayoikumbuka hapa, mpwa wangu alikuja likizo. Ni binti wa dada yangu, ambaye ni fundi cherehani kule Lyamkena, Makambako. Desemba fundi cherehani hana muda hata wa kumeza mate, kila mama wa mjini anataka gauni la Krismasi, na kila mmoja analitaka jana. Basi mtoto alipakiwa kwenye basi na shangazi yake mmoja, akashushwa Njombe akiwa na begi, sweta, na miaka mitano yote kamili ya kutokuridhika na majibu ya watu.

Jumamosi moja mchana mama alikusanya darasa lake kwenye ukumbi wa usharika, ambao ujenzi wake haujaisha. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, nikisubiri kumbebea kasha. Alifungua kitabu kikubwa kuliko vyote, akakigeuza ili watoto waone. Picha ilikuwa ya kijiji. Paa jeupe, miti myeupe, ardhi nyeupe hadi mwisho wa karatasi, na katikati watu wa masweta wameshikana mikono wanacheka.

"Watoto, mnaona nini?"

Mpwa wangu alinyoosha mkono. "Bibi, shamba lao limeungua."

"Limeungua?"

"Ona. Lote jeupe. Viazi vyote vimekufa."

Mtu wa Dar angecheka. Mtu wa Njombe hacheki haraka hivyo. Huku kwetu, Juni na Julai, unaweza kulala ukiwa na shamba la viazi la kijani na kuamka ukute limepakwa weupe, umande umeganda juu ya majani. Jua likitoka weupe unaondoka, na mchana majani yanakuwa meusi kana kwamba mtu amepita na moto. Tunasema baridi imeunguza. Mtoto yeyote wa huku ameshaona mama yake amesimama ukingoni mwa shamba asubuhi, mikono kiunoni. Kwa mtoto huyo, picha ile haikuwa na kitendawili chochote.

Darasa likaanza kujadili.

"Mbona wanacheka sasa?"

"Hawajaenda shambani bado. Wakienda watalia."

"Walitakiwa kumwagia maji alfajiri, kabla jua halijatoka."

"Labda wamekunywa ulanzi," alisema mtoto mmoja kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuona. Ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, huanza kugemwa mvua zinapoanza, na maelezo yake yalipokelewa vizuri na wenzake.

"Na mtoto Yesu atakula nini?" mwingine akauliza.

"Mtoto mchanga hali, ananyonya."

"Na mama yake je?" alisema mpwa wangu.

Mpwa wangu alikuwa na ushahidi. Jirani yetu alikuwa amejifungua wiki chache nyuma, na mtoto huyu alikuwa akiandamana na bibi yake kumwona mzazi. Alikuwa ameona unga wa uji unaopelekwa, kuni zinazopelekwa, kuku anayepelekwa akipiga kelele. Alijua kwamba mzazi asipokula, mtoto hapati maziwa. Na hapa kitabuni watu wanacheza juu ya viazi vilivyoungua, hakuna aliyebeba hata kikapu. Macho yakamjaa machozi. Akianza kulia mtoto mmoja wa darasa lile, wengine hawahitaji sababu.

Mama alinitazama mlangoni. Nilikuwa nacheka, lazima niseme.

"Wewe uliyesoma, njoo ueleze."

Nikasogea. Nikaeleza theluji kwa lugha rahisi. "Ni maji yanaganda huko juu mawinguni, halafu yanaanguka taratibu kama pamba."

"Yanaangukia viazi?" mpwa wangu akauliza, akijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Wakati huo hakuna viazi shambani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna theluji."

"Si ndivyo nilivyosema, mjomba?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema pale si Bethlehemu, ni nchi nyingine kabisa, huko Ulaya.

"Sasa mtoto Yesu yuko wapi?"

Nikaitazama picha kwa mara ya kwanza maishani kama mtu anayetafuta kitu kweli. Palikuwa na mbwa, palikuwa na mwanasesere wa theluji mwenye karoti usoni, palikuwa na dirisha lenye taa. Mtoto hakuwepo. "Sijui," nikasema.

"Hata yeye ameona baridi, amehama," alisema yule mtaalamu wa ulanzi.

Jioni mama hakunisemesha mpaka sahani zilipotolewa. Mpwa wangu alikuwa ametangaza kwamba siku ya Krismasi haimbi. Wimbo wa darasa lao ulikuwa wa kufurahi, na yeye hawezi kufurahi wakati mzazi ana njaa. Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wenzake wote, mama alikuwa amempa mstari wa kuanzisha. Asipoanzisha yeye, hakuna wimbo.

"Umewacheka, umewachanganya, sasa umekaa unachokoa meno," mama alisema.

"Lakini mama, mtoto ana hoja. Vile vitabu havina maana hapa. Hata nyota..."

"Toka una miaka sita unaniambia vile vitabu vina makosa. Haya, umekua. Umesoma. Mchoree mtoto kitabu chako kisicho na makosa, nikione."

Kesho yake nikaenda mjini nikanunua karatasi za manila na penseli za rangi.

Nilikuwa na masharti. Nilimwambia mpwa wangu kwamba tutachora kilichoandikwa tu, hatuongezi uongo wa watu. Alikubali haraka, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Tukakaa jikoni karibu na moto, mvua inapiga mabati, yeye kwenye kigoda, mimi na ubao wa kukatia mboga magotini kama meza.

"Punda hayupo," nilisema. "Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mariamu alipanda punda."

"Alitembea kwa miguu? Na tumbo lile?"

"Haijaandikwa."

"Basi mchore kwenye bodaboda."

"Bodaboda haikuwepo!"

"Imeandikwa haikuwepo?"

Tukaafikiana punda. Yusufu alivalishwa mabuti ya mvua, kwa kuwa ni Desemba na barabara ina tope, na kwa kuwa ni seremala nikampa ubao wa paina begani, ambao mpwa wangu alisema ni wa kumtengenezea mtoto kitanda. Hili nilikuwa karibu kulikataa, nikaliona zuri, nikaliacha. Shamba lilikuwa jambo la kwanza alilolikagua. Lilikuwa la kijani. Alinifanya nipake kijani mara mbili, maana kijani cha kwanza kilikuwa, kwa maneno yake, cha kuumwa.

Kisha tukafika kwa mamajusi. Hapa nilikuwa nimejiandaa, maana hii ni mada yangu. Nikamweleza kwamba watu wote wanawachora watatu, lakini hakuna aliyeandika kwamba walikuwa watatu. Wala kwamba walikuwa wafalme. Ni wageni tu kutoka mbali.

"Mbali wapi?"

"Mashariki. Mbali sana."

"Mbali kama Manda?"

Kwake Manda ndiyo mwisho wa dunia. Iko chini kabisa, mwambao wa Ziwa Nyasa, na ndiko anakotoka mama mmoja mfanyabiashara anayeleta usipa sokoni Njombe, vile visamaki vidogo vya ziwa vilivyokaushwa juani. Ni rafiki wa mama tangu zamani. Kila akipanda huku hufikia kwetu, huvua viatu mlangoni na kueleza jinsi barabara ilivyommaliza mgongo, na nyumba yote hunuka ziwa kwa siku nzima. Ni mama mpana, mwenye mashavu ya kujaa na kicheko kinachofika kabla yake. Sisi humwita mama wa usipa.

"Mashariki siyo Manda," nilisema.

"Lakini ni mbali?"

"Ni mbali."

"Na yeye ni mgeni?"

Basi mama wa usipa akaingia katika msafara wa mamajusi, gunia kichwani, kitenge kimefungwa vizuri, nyota juu yake. Nikampa mashavu yake yote. Nilijaribu kupinga kwamba zawadi zilizoandikwa ni dhahabu, uvumba na manemane, hapa kweli imeandikwa, siyo hadithi za watu.

"Mzazi anakula dhahabu?"

"Hali."

"Manemane ni chakula?"

"Siyo."

Alinitazama kwa huruma. Tukagawana. Mgeni mmoja akabeba dhahabu, kwa sababu nilikataa katakata kushindwa yote. Wa pili akabeba unga wa ulezi. Wa tatu ndiye mama wa usipa. Na kwa kuwa unga hauwi uji wenyewe, ukurasa uliofuata ilibidi awepo mpishi. Tukamweka bibi kizee anakoroga sufuria mlangoni pa zizi. Mama alipopita akachungulia, akasema bibi yule amechorwa mgongo umepinda mno, halafu akaenda zake akijinyoosha.

Niseme ukweli, nilifurahi siku zile kuliko nilivyofurahi mwaka mzima chuoni. Huko nilikuwa nabishana na watu waliotaka kushinda. Huyu alitaka tu mzazi ale.

Karatasi zilipokamilika zilikuwa bado karatasi, na kitabu lazima kishonwe. Tukapanda gari hadi Makambako. Ukishuka pale upepo unakupokea kabla ya ndugu. Nilizikumbatia zile karatasi kifuani kama mtu aliyeiba, mpwa wangu ananishikilia koti, malori yananguruma yakielekea Mbeya na Songea, hadi tukafika fremu ya dada yangu Lyamkena.

Alikuwa amezungukwa na wateja. Akazichukua karatasi, akazipekua, cherehani imesimama.

"Kamwene msomi," alinisalimia Kibena. "Miaka yote ile chuoni, vidole hawajakufundisha? Huyu Yusufu ana mkono kama jembe."

"Ni mkono wa fundi."

"Mimi ni fundi. Wangu huu hapa, uone."

Wateja wakasogea kuona. Mmoja aliyekuja kuulizia gauni lake kwa hasira alishika ukurasa wa uji, akaangalia, akauliza, "Huyu mzazi mbona hajafunikwa mgongo? Atapata baridi." Mpwa wangu akanigeukia. Nikachora shuka palepale, juu ya meza ya kukatia nguo.

Dada alibadilisha sindano, akaweka ile ya kushonea jinzi, akapitisha mshono mara mbili mgongoni mwa kitabu. Kwa jalada akatafuta kwenye kapu la vipande. Akatoa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kilichobaki kwenye gauni la Krismasi la mwanawe. Kwa hiyo kitabu na mtoto wakatoka pale wamevaa sare.

"Utaanzisha wimbo sasa?" nilimuuliza kwenye gari tukirudi.

"Nitaanzisha. Anakula," alisema, akafungua ukurasa wa uji kuhakikisha.

Tangu siku hiyo kitabu hakikutoka mkononi mwake. Alikula nacho, alilala nacho, alimsomea kuku. Hakuwa anajua kusoma, na kitabu hakikuwa na neno hata moja, hivyo walielewana.

Sasa, lazima nieleze kidogo kuhusu mnada, maana ndiko tunakoelekea. Kwenye usharika wetu, kama kwenye sharika nyingi za huku, si lazima sadaka iwe fedha. Watu huleta walichonacho, mayai, viazi, kabichi, parachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Vyote huwekwa mbele. Ibada ikiisha, mzee mmoja wa kanisa anavitoa nje na kuvinadi. Mimi nimekuwa nikiupinga mnada huu tangu kidato cha tatu, kwa hoja za kiuchumi. Kabichi inauzwa bei ambayo sokoni ungepata kabichi na mwenye shamba. Mtu ananunua kuku, anamrudisha, anauzwa tena, anarudishwa tena, hadi kuku mwenyewe anaonekana amechoka. Mama hunijibu kwamba pale hakuna anayenunua kabichi. Hujawahi kusikia jibu linaloudhi zaidi kwa mtu aliyesoma falsafa.

Siku ya Krismasi kulikuwa na manyunyu asubuhi, kisha jua. Dada alikuwa amefika na basi la kwanza. Mama wa usipa naye alikuwapo, barabara ya kushuka ziwani ilikuwa imeharibika kwa mvua, akaamua kusherehekea kwetu. Jirani yetu mzazi alikaa nyuma karibu na mlango na mtoto wake mchanga, kwa mara ya kwanza kanisani. Darasa la mama lilisimama mbele. Mpwa wangu, ndani ya kitenge cha kijani, alivuta pumzi akaanzisha wimbo kwa nguvu hata mzee mmoja aliyesinzia akasimama akidhani ni baraka ya mwisho. Mama alitazama juu. Nadhani alikuwa anashukuru.

Kisha watoto wakapeleka sadaka. Mpwa wangu alipewa kikapu cha mayai. Nikamwona kutoka nilipokaa anaweka mayai mbele, anasimama kidogo, halafu anachomoa kitabu kwapani na kukiweka juu ya viazi vya mtu. Nikadhani anataka watu wakione. Akarudi mikono mitupu, uso umetulia.

"Kitabu umekiacha," nilimnong'oneza.

"Nimempa mtoto. Nimemletea kama mama wa usipa."

Ibada ilipoisha tukatoka nje, na hapo nikakiona. Mzee wa kanisa, mtu mwembamba mwenye sauti ya kengele, alikuwa amemaliza kabichi na parachichi. Akainama, akanyanyuka na kitu cha kijani.

"Kitabuuu! Kipya! Kimevaa kitenge kuliko wengi wenu! Nani anaanza?"

Mpwa wangu alining'ang'ania suruali. "Mjomba! Wanauza zawadi ya mtoto!"

Nikapenya hadi mbele. "Mzee, samahani, hicho kitabu hakikuwa cha mnada. Mtoto alikiweka bila kujua."

"Kiliwekwa mbele?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kilichokwenda mbele kimekwenda mbele. Ingekuwa kila mtu anarudi kuniambia jogoo wake aliingia bila kujua, tungejenga ukumbi huu na nini?"

Watu wakacheka. Nikageuka kumtazama mama aniokoe. Alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Si ulisema mnada ni upuuzi?" alisema. "Basi nenda ukaununue huo upuuzi."

Mpwa wangu hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama mkono wa mzee ukipanda na kushuka na kitabu, na mdomo wake umeanza kukunjamana. Alikuwa amempa mtoto kitu chake cha pekee, naye mtoto alikuwa hajakipata, na sasa yeyote mwenye pesa angeondoka nacho. Hakuna maelezo ambayo ningempa kuhusu ujenzi wa ukumbi. Nikanyoosha mkono, mimi, mpinzani wa mnada, nikataja bei ya trei ya mayai.

"Msomi ameingia! Andikeni siku hii!" mzee alipiga kelele. Akafungua kitabu kuonyesha watu kurasa. Punda, shamba, mabuti. Alipofika msafara wa wageni, sauti ikapasuka kutoka nyuma.

"Ngoja! Rudisha hapo! Huyo ni mimi!"

Mama wa usipa akaja mbele akisukuma watu kwa viwiko. Akaushika ukurasa, akautazama kwa karibu, akautazama kwa mbali. "Ni mimi na gunia langu. Jamani! Nimekwenda Bethlehemu na usipa!" Kicheko kikamtoka, kikaenea uwanja mzima. Halafu akajifuta macho na kumgeukia mzee. "Jogoo. Natoa bei ya jogoo."

"Mama, nakuomba," nilimwambia pembeni. "Ni cha mtoto."

"Mtoto ni mali yako, utamchorea kingine. Mimi nani atanichora tena? Miaka yote nauza samaki hakuna hata aliyenipiga picha bila kupunguziwa bei."

Nikapandisha kidogo. Akapandisha zaidi. Dada yangu akaninyooshea kilichokuwa ndani ya pochi yake, nikapandisha tena, na vijana wa kwaya wakaanza kushangilia kila upande kana kwamba ni mpira. "Msomi, umeishiwa!" "Mama, maliza kazi, rudi ziwani!" Tukapita bei ya jogoo, tukapita ya mbuzi mdogo. Nikapapasa mifuko. Ilikuwa nyepesi kabisa.

"Kwa mara ya mwisho," mzee alisema, akinitazama kwa upole wa mshindi. "Kimekwenda ziwani!"

Mama wa usipa alikipokea kwa mikono miwili, akakikumbatia. Sijawahi kumwona mtu mzima akikumbatia kitabu hivyo. Akaanza kuonyesha watu ukurasa wake mmoja mmoja, na kila aliyeonyeshwa alitazama kitabu, akamtazama yeye, akakubali.

Mpwa wangu aliniachia suruali. Nikadhani anaenda kulia kwa mama yake. Akaenda moja kwa moja kwa mama wa usipa, akavuta kitenge chake.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Umeniona humu? Ona nilivyopendeza."

"Wewe umemletea mtoto usipa," mpwa wangu alisema.

"Eeh, nimemletea."

"Na mimi nilimletea hicho."

Mama wa usipa akatazama kitabu, akatazama gauni la mtoto, kitenge kilekile. Kicheko kikapungua usoni kidogokidogo.

"Ulimletea mtoto gani, mwanangu?"

Hilo lilikuwa swali langu. Ndilo nililolibeba tangu ndani ya kanisa bila kuthubutu kuliuliza kwa mtoto, mimi ninayeuliza kila kitu. Nilingoja jibu lake kwa wasiwasi mkubwa kuliko nilivyongoja matokeo ya mtihani wowote.

Mpwa wangu aligeuka, akatafuta katikati ya watu, miavuli na kuku. Kisha akanyoosha kidole kule ukutani, alipokaa jirani yetu mzazi kwenye benchi, mtoto wake mchanga amefunikwa shali nyeupe.

"Yule. Hana kitabu."

Watu wakageuka kutazama benchi, hata vijana wa kwaya. Mama wa usipa alifungua ukurasa wake mara moja tena, akaupitishia kidole pale kwenye mashavu, akafunga. Niliona haikuwa rahisi kwake. Akavuta pumzi ya mtu anayenyanyua gunia.

"Mzee," aliita, "hiki nimekinunulia mtoto. Yule pale. Msikinadi tena, nitawauma." Kisha akanigeukia mimi, kidole juu. "Na wewe, kabla sijashuka Manda, utanichorea changu. Ukurasa mzima. Na hayo mashavu upunguze."

"Nichore kilichopo au kisichopo?" nilimuuliza.

"Chora kisichopo! Hiyo dhahabu uliyochora uliiona wapi wewe?"

Wakaenda wote wawili hadi kwenye benchi, mmoja mpana, mmoja mdogo, nami nyuma yao. Mzazi alikuwa amesikia yote, akatabasamu kwa aibu. Akafunua shali. Mpwa wangu akakiweka kitabu kwa uangalifu kifuani mwa mtoto, akakifungua katikati ili aone vizuri. Mtoto alitazama mahali fulani juu angani, akapapasa, akaukamata ukurasa kwa ngumi na kuuvuta mdomoni.

Mpwa wangu aliniangalia kwa hofu. "Mjomba, anakila!"

Mama wa usipa akainama, akachungulia ni ukurasa gani.

"Mwache," alisema. "Amefika penye usipa."